Matumbawe Sebuleni Nyarugusu: Maji Kwanza, Koleo Baadaye

Vitu viwili tunavyovijua vizuri kwenye ukanda wa dhahabu vimewahi kuyafikia matumbawe ya bahari, na vyote viwili viliyafikia kwa ubaya. Cha kwanza ni baruti. Milipuko ya aina ile ile inayopasua mwamba ndani ya maduara yetu ilitumiwa kwa miongo kadhaa na wavuvi haramu wa pwani ya Tanzania kuua samaki kwa mkupuo. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani yote, kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji, wakisikiliza kwa vinasa sauti vya chini ya maji, na ndani ya takriban mwezi mmoja wakanasa milipuko zaidi ya 300. Cha pili ni sayanaidi. Sisi tunaitumia kuchenjua marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa. Huko Ufilipino na Indonesia, wakamataji wa samaki wa mapambo wameipuliza kwenye nyufa za miamba ili samaki alegee, ashikwe mzima na kupelekwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani. Tumbawe lililopuliziwa dawa hiyo hupauka na mara nyingi hufa.

Nayatanguliza haya kwa sababu ufugaji wa viumbe wa bahari nyumbani umebeba deni kwa bahari, na anayeuanza leo Nyarugusu, Katoro au Geita mjini anapaswa kuuanza kwa namna isiyoongeza deni hilo. Namna hiyo ipo. Matumbawe yenye matawi yanaweza kuzalishwa ndani ya tangi kutokana na vipande vya matumbawe yaliyokulia ndani ya tangi, kizazi baada ya kizazi, bila mtu kurudi baharini kuvunja kingine. Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana waliopata fedha kidogo, wakaona picha za matangi hayo kwenye simu, ni hili: tawi linakatwaje? Nitalijibu, lakini lingoje kidogo. Kukata ni kazi ya dakika mbili. Kinachoamua kama kipande kitaishi ni utulivu: utulivu wa mahali kilipogandishwa, na utulivu wa maji yanayokizunguka.

Tumbawe ni mnyama. Tuseme ni maelfu ya wanyama wadogo, kila mmoja akiitwa polipu, mwenye mdomo uliozungukwa na minyiri, na wote kwa pamoja wanajenga mfupa wa chokaa chini yao. Ndani ya nyama yao unaishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Joto likizidi, ushirika huo huvunjika: tumbawe huutoa mwani, likabaki jeupe, na hali ikiendelea hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, bahari ya Hindi ilipopata joto kali na miamba mingi ya Kenya na Tanzania ikapoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake. Ikatokea tena 2016, na tena 2024.

Jamii zenye matawi, kama Acropora, Pocillopora, Stylophora, Seriatopora na baadhi ya Montipora, huzaliana kwa mayai na mbegu kama wanyama wengi wa bahari, lakini zina njia nyingine pia. Dhoruba ikivunja tawi, tawi likaangukia mahali imara, hujishika hapo na kuwa kichaka kipya. Mkulima wa Geita anayekata pingili ya muhogo na kuichomeka kwenye tuta tayari anaijua kanuni hiyo. Na ukuaji wake ni wa haraka kwa viumbe wa aina hii: Acropora yenye afya baharini inaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka, wakati tumbawe la mviringo la Porites huongezeka kama sentimita moja tu. Ndani ya tangi tegemea pungufu ya hapo.

Sasa angalia kinachotokea baada ya mlipuko. Chini ya bahari hubaki uwanja wa vifusi vya matawi yaliyovunjika, na siku ile vipande vingi huwa bado vina uhai. Hufa baadaye, kwa sababu kila wimbi linavibiringisha, nyama inasagwa, upande mmoja unafunikwa mchanga leo na upande mwingine kesho. Mabuu ya matumbawe yakitua juu ya kifusi kama hicho nayo husagwa. Ndiyo sababu sehemu zilizolipuliwa sana hukaa miongo bila kurudi. Kwa mfugaji wa nyumbani somo ni moja kwa moja: kipande kinachotikisika hakiponi, hata kama maji ni safi na taa ni ya gharama.

Je, inawezekana kweli, huku kwetu ambako kwa barabara tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini? Inawezekana. Mwaka 1989 Makumbusho ya Bahari ya Monaco yalichukua matumbawe hai kutoka Djibouti na kuyaweka kwenye tangi, na yakastawi mbali kabisa na bahari yalimozaliwa. Umbali si tatizo. Tatizo letu ni maji, umeme na uvumilivu, kwa mpangilio huo.

Maji ya visima vya ukanda huu yanapita kwenye miamba yenye dhahabu, na dhahabu haikai peke yake ardhini. Inaandamana na madini ya aseniki, chuma na shaba, na uchunguzi wa maji ya ardhini kwenye maeneo ya dhahabu ya bonde la Ziwa Victoria umeonyesha sehemu zenye aseniki nyingi. Aseniki ni hatari kwa mtu. Shaba, hata kwa kiasi ambacho mtu hakihisi, ni sumu kali kwa matumbawe, konokono na kamba. Maji ya mvua nayo si salama kama yanavyoonekana. Bati jipya limepakwa zinki, na bati lililo karibu na makarasha, ile mitambo ya kusaga mawe, limefunikwa vumbi la mawe yenye madini. Kwa hiyo usitumie maji ya kisima wala ya paa moja kwa moja. Tumia mtambo wa kuchuja kwa utando, huu wanaouita RO, wenye hatua ya mwisho ya resini ya kuondoa chumvi zilizobaki, kisha pima kwa kile kikalamu cha kupimia chumvi zilizoyeyuka. Usomaji uwe sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ukianza kupanda, badilisha resini kabla ya kutengeneza maji mengine. Ondoa pia viungio vyote vya shaba nyeupe na shaba nyekundu kwenye mabomba, hata kile kibomba kidogo cha ndoo.

Zebaki niiseme peke yake. Rwamagasa, jirani zetu, palikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochaguliwa na mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu wachimbaji wadogo walikuwa wakiichoma hovyo ili ibaki dhahabu. Nyumba ambayo ndani yake au uani kwake huchomwa zebaki haifai kuwekwa tangi la matumbawe, na kabla ya matumbawe haifai kulelewa mtoto. Kama hali ni hiyo, acha wazo la tangi na uanze kwa kuhamisha kazi hiyo mbali na makazi, ukitumia chombo cha kunasa mvuke.

Tuje kwenye chumvi. Wengi hudhani chumvi ni chumvi, na kwamba ile ya Uvinza au ya mashamba ya pwani ikikorogwa vizuri italeta bahari ndani ya ndoo. Haileti. Maji ya bahari yanapokaushwa kwenye mashamba ya chumvi, kinachotangulia kuganda ni chokaa, kisha jasi, halafu ndipo chumvi tunayokula. Magnesiamu hubaki kwenye yale maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Yaani vitu ambavyo tumbawe linavihitaji kujenga mfupa wake ndivyo vilivyobaki nyuma, na chumvi ya jikoni kwa sehemu kubwa ni sodiamu na klorini pamoja na madini joto yaliyoongezwa kwa ajili yetu. Nunua chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya matumbawe. Kiasi ni kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 linakula kama kilo 7 kwa kujazwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kidogo kidogo kila unapobadilisha maji. Ikoroge kwa pampu usiku kucha ndani ya pipa la plastiki kabla ya kuitumia, na upime kwa refraktomita, si kwa ulimi.

Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haikauki nayo. Unachorudisha ni maji matamu yaliyochujwa, kila siku, kidogo. Miezi ya kiangazi, upepo mkavu unapopita, tangi dogo linaweza kupoteza lita nzima au zaidi kwa siku, na mtu anayengoja Jumapili kuongeza lita saba kwa mpigo anaiyumbisha chumvi kila wiki. Tumbawe linavumilia kiwango kisichokuwa kamili kuliko linavyovumilia kiwango kinachopanda na kushuka. Hilo ndilo ningependa msomaji alishike kuliko namba yoyote nitakayotaja.

Namba zenyewe ni hizi. Joto nyuzi 25 hadi 27, na nyumba ya bati mchana wa Septemba inaweza kulipeleka juu ya hapo, kwa hiyo feni inayopuliza juu ya maji ni lazima. Chumvi sehemu 35 kwa elfu. Kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Alkalini, ambayo ndiyo akiba ya tumbawe ya kujengea mfupa, iwe kati ya 7 na 9 kwa kipimo cha dKH. Chagua namba moja katikati hapo na uishikilie. Alkalini ikiruka kutoka 7 hadi 9 ndani ya siku mbili, Acropora inaweza kuanza kubabuka nyama hata kama namba zote mbili zinaonekana nzuri kwenye karatasi. Pima siku ileile na saa ileile kila wiki, uandike kwenye daftari. Naitreti na fosfeti ziwepo kidogo. Sifuri kabisa si sifa, maana tumbawe linahitaji lishe.

Matawi yakiwa machache, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kunatosha kurudisha kalsiamu na alkalini iliyotumika. Yakiongezeka, njia ya bei nafuu ni maji ya chokaa: kijiko kidogo cha chokaa safi ya daraja la chakula kwenye lita ya maji yaliyochujwa, iache itulie, kisha yale maji maangavu ya juu yadondoshwe tone kwa tone usiku. Yana ukali mkubwa, yanachoma macho na yakimiminwa kwa pamoja yanaua tangi, kwa hiyo vaa miwani na usifanye haraka. Chokaa ya ujenzi usiiguse, ina uchafu mwingi. Pwani yetu imechoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea tangu enzi za misikiti ya Kilwa, na mimi hufarijika kuona safari hii chokaa ikirudi upande wa pili, kwa tumbawe lililo hai.

Kuhusu umeme, Nyarugusu tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji hushika oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi ukilinganisha na Tanga au Mtwara. Umeme ukikatika, pampu zikasimama, tangi la huku linakosa hewa mapema kuliko la pwani. Kabla ya kununua taa nzuri, nunua pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, na ukiweza, betri ya sola ya kuendesha angalau pampu moja ya mkondo usiku mzima. Taa inaweza kuzimika siku mbili na tumbawe lisidhurike. Mkondo ukisimama saa chache, hasa usiku, linaweza kufa. Asiyeweza kumudu hilo kwa sasa namshauri aanze na tangi la maji matamu la furu wa Ziwa Victoria, samaki wa kwetu walioteseka sana baada ya sangara kupandikizwa ziwani. Atajifunza kupima maji na kutunza daftari, na siku akija kwenye matumbawe atakuwa na mkono uliotulia.

Tangi jipya halipokei matumbawe ya matawi. Mawe na mchanga vinahitaji wiki 4 hadi 8 ili bakteria wanaokula amonia wazaliane, kisha miezi mingine ili mambo yakae sawa. Mimi nasema usiweke Acropora kabla ya miezi tisa, hata rafiki yako akikuambia yake ilikaa mwezi wa tatu. Anza na Montipora yenye vidole au Pocillopora, ambazo ni ngumu kidogo na zinakuonyesha mapema kama maji yako yana shida.

Utazipata wapi? Sheria haina mzaha hapa. Matumbawe yote ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Ndani ya nchi tuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, na maeneo kama Mafia, hifadhi yetu ya kwanza ya bahari iliyoanzishwa 1995, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na Tanga yana ulinzi wake. Usikubali tawi lililoletwa kwenye chupa ya maji na mtu aliyetoka likizo Kigamboni. Mbali na kuwa kosa, tawi hilo limeng'olewa kwenye mwamba ambao tayari umebeba joto na baruti. Nunua kilichokuzwa ndani ya tangi, kwa mfugaji anayeweza kukuonyesha kichaka mama na karatasi zake. Ikibidi usubiri mwaka, subiri.

Kabla ya kukata chochote, ningeshauri mwenye nafasi asafiri kwenda kuona wanavyofanya watu wa pwani. Kusini mwa Kenya, upande wa Shimoni, Mkwiro na Wasini, vikundi vya wanavijiji pamoja na watafiti wametundika vipande vya matumbawe kwenye miti ya plastiki chini ya maji, vikikua huko kabla ya kupandikizwa kwenye mwamba. Jambiani, Unguja, wanawake hukata sponji vipande vipande, wakavifunga kwenye kamba na kuvisafisha mara kwa mara hadi vifikie kuuzwa. Kiumbe ni tofauti, lakini subira ya kazi ni ileile, na ukikaa nao siku moja utaelewa kwamba muda mwingi unakwenda kwenye kusafisha kuliko kwenye kukata.

Sasa koleo. Chagua kichaka mama kikubwa kuliko ngumi mbili, ambacho kimekaa kwako angalau miezi mitatu bila dalili mbaya, polipu zake zinatoka, na ncha za matawi ni nyeupe au za rangi hafifu. Weupe wa nchani ni dalili ya kukua, hapo ndipo mfupa mpya unaongezeka. Weupe unaoanzia kwenye kitako na kupanda juu ni jambo jingine kabisa, nitalieleza. Usichukue zaidi ya moja ya kumi ya kichaka kwa mara moja, hata kama kinaonekana kizito. Kesho yake usikate tena. Ngoja hadi majeraha yafunikwe.

Tumia koleo kali la chuma kisichoshika kutu, lile la kukatia mifupa linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Lioshe kwa spiriti, lisuuze kwa maji ya tangi. Vaa glovu na miwani, kwa sababu juu ya mawe ya tangi huweza kuwepo viumbe laini wenye sumu kali, na kibanzi cha mfupa kikirukia jicho hakina huruma. Shika tawi chini, kata kwa mkupuo mmoja, sentimita 3 hadi 5. Usilipinde hadi livunjike na usilisage. Mkato safi hufunikwa na nyama mapema, mkato uliochanika huoza. Utaona ute mwingi ukitoka, huo ni wa kawaida. Suuza kipande kwenye bakuli la maji ya tangi, umwage maji hayo nje, usiyarudishe.

Kiti cha kipande unaweza kutengeneza mwenyewe kwa saruji nyeupe na chengachenga za makombe ya konokono, kimiminwe kwenye vikopo vidogo. Kikishaganda, kiloweke kwenye maji matamu wiki 4 hadi 6, ukibadilisha maji kila siku chache, hadi saruji iache kupandisha pH. Usiruke hatua hii, saruji mbichi inachoma nyama ya tumbawe. Gundi ni ile ya supa glue ya jeli. Futa kitako cha kipande kwa karatasi laini, weka tone kubwa, bana juu ya kiti ukihesabu hadi ishirini, kisha zamisha. Kikiegemea, ongeza gundi au udongo wa epoksi hadi kisimame wima na kisicheze hata ukikigusa kwa kidole. Hapa ndipo lile somo la vifusi linapotumika. Kipande chenye kucheza kidogo tu kila pampu inapovuma hakitawahi kujishika, kwa sababu nyama inapojaribu kutambaa kwenye kiti inachanwa kila dakika.

Weka vipande sehemu ya chini ndani ya tangi, mahali penye mwanga wa wastani na mkondo unaopita bila kupiga upande mmoja mfululizo. Baada ya wiki mbili au tatu, nyama ikianza kutanda juu ya gundi kama utando wa rangi, pandisha kidogo kidogo kuelekea kwenye mwanga. Usipandishe vyote kwa siku moja. Vikae mbali mbali, sentimita 10 au zaidi kati ya jamii tofauti, kwa kuwa matumbawe huchomana kwa minyiri usiku na wewe utaona tu asubuhi kwamba mmoja ana kovu.

Na ule weupe wa kitako. Nyama inapoanza kung'oka kutoka chini kwenda juu, ikiacha mfupa mtupu, usingoje kuona kama itasimama. Kata sehemu iliyo hai kwa juu, sentimita moja mbali na mstari wa kifo, ugandishe upya, kisha rudi kwenye daftari kutafuta ni kipimo gani kiliyumba wiki iliyotangulia. Mara nyingi utakikuta: alkalini, chumvi, au usiku ambao feni haikufanya kazi.

Kila kitakachoingia kwa mara ya kwanza kiwekwe kwanza kwenye tangi dogo la karantini. Kuna minyoo bapa wa Acropora ambao hawaonekani kwa sababu wana rangi ya tumbawe lenyewe, na hutaga mayai kwenye mfupa mtupu wa kitako. Dawa za kuogeshea huangusha minyoo lakini haziui mayai, kwa hiyo rudia kuogesha kila wiki kwa wiki nne au tano, na kwangua mfupa wowote uliokufa kabla ya kugandisha.

Adui mwingine ni mwani wa nyuzi unaokua kwenye viti. Kutoka mwamba wa Mkwiro tunao ushahidi mzuri juu ya hili: watafiti walizingira baadhi ya vitalu ili samaki wasiingie, na vingine wakaviacha wazi. Samaki wengine walidona matumbawe, ni kweli, lakini faida ya wale wanaokula mwani ilizidi hasara hiyo. Pale walipozuiwa, uchafu ulitanda na matumbawe yakakua taratibu. Katika tangi la nyumbani kazi hiyo wape konokono wa bahari na, tangi likiwa kubwa, samaki mmoja aina ya kangaja. Kwa kilichobaki tumia mswaki mpya, kila wiki, kwenye kiti tu na si kwenye nyama.

Kumbuka pia kwamba vipande vyote vya kichaka kimoja ni mnyama mmoja aliyegawanywa. Ugonjwa au joto litakalomshinda mmoja huenda likawashinda wote. Fuga mama watatu au wanne wa asili tofauti, waandikie namba, usichanganye viti vyao. Kichaka cha kwanza kikishakomaa, mgawie mfugaji mwingine kipande, iwe Kahama, Mwanza au hata shule ya sekondari yenye maabara na mwalimu anayependa. Tangi lako likianguka, kipande hicho kitarudi kwako. Watoto wengi wa huku hawajawahi kuiona bahari, na tawi moja lililo hai mbele ya darasa la biolojia lingewafundisha mengi kuliko mchoro wa kitabu.

Usipeleke kamwe kilichokua kwenye tangi baharini, hata kwa nia njema. Huwezi kujua kimebeba minyoo gani, na kazi ya kurudisha miamba ina wenyewe na vibali vyake. Maji ya chumvi unayoyatoa kila wiki yamwage kwenye shimo mbali na bustani, muhogo na kisima, maana huko hayapendwi. Na ukiona vipande vyako vya kwanza vimejishika kwenye viti, polipu zimetoka na ncha zimeanza kuwa nyeupe, viache miezi sita bila koleo. Vikishafika ukubwa wa ngumi mbili, pima alkalini kwa wiki nne mfululizo. Ikiwa haikuyumba, kata.